Asilimia 43 ya chungu: namba nzuri inayosomwa vibaya

Muulize mwanafunzi yeyote wa kilimo au botania kwa nini jaribio lake alilifanya kwenye vyungu vya lita 5. Mara nyingi jibu ni fupi: ndivyo vilivyokuwepo stoo. Na hakuna anayeshtuka. Tunaweza kubishana wiki nzima kuhusu kiwango cha mbolea, idadi ya marudio na kipimo gani cha takwimu kitumike, lakini chombo chenyewe kilichobeba mmea kinaingia kwenye tasnifu kwa mstari mmoja, halafu basi.

Ndiyo maana makala ya Hendrik Poorter na wenzake wanne, iliyotoka mwaka 2012 katika jarida la Functional Plant Biology, bado inafaa kusomwa na yeyote anayepanda kitu ndani ya chombo, iwe maabara, kitalu nyumba au barazani. Walikusanya tafiti 65 zilizowahi kulinganisha ukubwa wa vyungu, wakazipima kwa pamoja. Matokeo yao makuu yanasemeka kwa pumzi moja: kwa wastani, ukiongeza ukubwa wa chungu mara mbili, uzito wa mmea unaongezeka kwa asilimia 43.

Hawakuishia hapo. Walipouchambua ukuaji kipande kwa kipande, waliona kwamba shida ya chungu kidogo si hasa majani kubadilika umbo, wala mmea kugawa upya chakula chake kati ya mizizi na majani. Shida kubwa ni kwamba kila sentimita ya mraba ya jani inafanya usanisinuru kidogo kuliko kawaida. Yaani jani liko palepale, mwanga upo, ila kiwanda kimepunguza mwendo. Mwisho wakapendekeza kikomo: mmea usizidi gramu 1 ya uzito mkavu kwa kila lita ya chungu (uzito mkavu ni ule unaobaki baada ya kuukausha mmea kwenye oveni mpaka maji yote yaishe). Kisha wakaongeza kwamba karibu asilimia 65 ya majaribio yanayofanywa na watafiti yanavuka kikomo hicho.

Hiyo asilimia 65 ndiyo inayouma. Lakini inayonukuliwa zaidi ni ile 43, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Hoja kuu ya makala naiona sahihi. Tatizo ni kwamba namba yake maarufu imegeuzwa kuwa maagizo ya dukani: nunua kikubwa zaidi.

Hebu tuifanyie hesabu kidogo. Ukiongeza ujazo mara mbili, mmea haukui mara mbili. Unakua mara 1.43. Ongeza tena mara mbili, yaani kutoka lita 1 umefika lita 4, na mmea unakuwa mara 2.04. Kwa hiyo ukitaka mmea mara mbili, inabidi ulete udongo mara nne. Wapenda hisabati wameshaona: kwa makadirio, uzito unafuata kipeuo cha pili cha ujazo. Kila lita unayoongeza inalipa kidogo kuliko ile iliyotangulia.

Sasa tuseme una lita 8 za udongo mzuri na hakuna zaidi. Umwage wote kwenye ndoo moja, panda mche mmoja: kwa wastani huo utapata mmea wenye uzito mara 2.9 ya ule ambao ungekua kwenye lita 1. Ugawanye udongo huohuo kwenye makopo manane ya lita moja moja: unapata mimea minane, jumla mara 8. Namba ileile inayomwambia mtafiti atumie chungu kikubwa inamwambia mama mwenye kibaraza na gunia moja la udongo agawanye! Ndiyo, makopo manane yanadai kumwagiliwa mara nyingi zaidi, na nyanya kwenye lita moja itakupa matunda mawili ya kuonyesha wageni. Ila kama anapanda mchicha wa kuchuma majani, hesabu iko upande wa makopo. Wanaopanda sukuma wiki kwenye magunia kule Kibera, mashimo ubavuni na miche kila upande, wanaishi kwa hesabu hii hata kama hakuna aliyewahi kuwaandikia kipeuo cha pili ubaoni. Kinachopungua kwao ni udongo, maji na nafasi ya kuweka gunia. Miche si shida.

Kabla ya kuuliza "lita ngapi?" kuna swali linalotakiwa kutangulia: kitu gani ni haba kwako?

Mfano mzuri wa swali hili kurukwa unatoka kwa watu ambao pengine wamebishana kuhusu vyungu kuliko sisi wanabotania, nao ni wapanda bangi wa ndani ya nyumba huko Amerika ya Kaskazini na sasa Ujerumani. (Kwetu sheria inakataza, na huu si mwaliko. Lakini mmea ni mmea, na ubishi wao una sayansi ndani yake.) Kanuni inayozunguka sana kati yao inasema: galoni moja ya chungu kwa kila futi moja ya kimo cha mmea. Galoni ya Marekani ni lita 3.79, kwa hiyo mmea wa futi 3, sawa na sentimita 90 na kidogo, unapewa lita 11.4. Kuna toleo jingine linalosema galoni moja kwa kila mwezi wa umri.

Kama kanuni ya kisayansi, hii ni dhaifu kweli. Mizizi haijali kimo. Inahudumia majani, na majani ni suala la uzito na eneo. Mimea miwili yenye umbo moja, mmoja ukiwa na kimo mara mbili ya mwenzake, hautofautiani uzito mara mbili tu. Kwa umbo lilelile, uzito unapanda kuelekea mara nane. Halafu hao hao wapandaji wana desturi ya kukata ncha na kuinamisha matawi ili mmea uwe mfupi na mpana, utandike majani chini ya taa. Mmea wa futi 2 ulioinamishwa unaweza kuwa na majani mengi kuliko mrefu wa futi 4 uliokondeana. Kwa kanuni yao, mnene atapewa chungu kidogo. Toleo la miezi ni afadhali kidogo, kwa sababu angalau linakubali kwamba chungu kinahusiana na muda, jambo nitakalolirudia. Na galoni yenyewe haiaminiki, maana vyungu vinavyouzwa kwa jina la "galoni moja" katika biashara ya miche Marekani kwa kawaida vinachukua karibu lita 3 tu.

Hata hivyo, silika yao ya kupenda vyungu vikubwa ina mantiki, na mantiki hiyo inatoka bungeni. Kanada, sheria ya mwaka 2018 inaruhusu kaya kupanda hadi mimea 4, ingawa si majimbo yote yaliyokubali. Ujerumani, tangu Aprili 2024, mtu mzima anaruhusiwa mimea 3. Idadi ya mimea ikiwekewa kikomo na sheria, kilicho haba ni shina lenyewe, na kila shina linastahili lita nyingi kadiri linavyoweza kuzitumia. Mwenye leseni ya kibiashara, anayelipa umeme wa taa kwa kila mita ya mraba, anapiga hesabu tofauti: mimea mingi midogo iliyobanana, vyungu vidogo, muda mfupi, taa isimulike sakafu tupu. Mmea uleule, majibu mawili, na yote sahihi.

Tena ndani ya nyumba kuna dari jingine ambalo wastani wa asilimia 43 haulioni, nalo ni mwanga. Chini ya taa dhaifu mmea una sukari kidogo ya kugawa, hata ukiupa pipa. Udongo wa ziada utakaa umelowa kwa sababu hakuna mizizi ya kuunyonya, na udongo uliolowa muda mrefu ni udongo usio na hewa: oksijeni husafiri kwenye maji polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Mche mdogo kwenye chungu kikubwa ukinyauka, watu husema umeshtuka. Mara nyingi mizizi inakosa pumzi.

Turudi kwenye makala sasa, maana hapa ndipo pagumu. Ukipunguza chungu unapunguza nini hasa? Nafasi ya mizizi, ndiyo. Lakini pia umepunguza maji yanayobaki kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, umepunguza jumla ya naitrojeni na fosforasi, na umefanya udongo upate joto haraka, hasa kama chungu ni cheusi na kinakaa juani. Tafiti 65 zilizokusanywa haziwezi kuwa zilitenganisha mambo haya kwa namna moja. Kwa hiyo ile 43 ni wastani wa njaa, kiu, joto na msongamano vikichanganywa kwenye sufuria moja. Kujua kwamba usanisinuru ulishuka hakutuambii ni nani kati ya hao wanne aliyeushusha.

Miaka karibu ishirini nyuma yake kulikuwa na jaribio ambalo lilijaribu kutenganisha, na nalipenda sana. McConnaughay, Berntson na Bazzaz wa Harvard, mwaka 1993 katika jarida la Oecologia, walichukua magugu mawili, moja la mzizi mkuu unaoshuka chini na jingine la jamii ya nyasi lenye mizizi ya kutawanyika juujuu. Wakayapanda kwenye vyombo vya ujazo tofauti na maumbo tofauti. Jambo la busara ni kwamba walibadilisha pia ukolezi wa virutubisho na jumla ya virutubisho, kila kimoja peke yake. Kwa hiyo wangeweza kulinganisha chungu kikubwa na kidogo vyenye jumla ileile ya chakula. Matokeo: hata jumla ya virutubisho ikiwa sawa, chungu kikubwa bado kilitoa mmea mzito zaidi. Kumbe nafasi yenyewe ina uzito wake. Si kisingizio cha njaa tu.

Ila walikuwa wanatafuta kitu kingine, na jibu la hicho likageuka. Wakati ule swali kubwa lilikuwa kabonidioksaidi. Ikiongezeka hewani, mimea itakua zaidi? Majaribio mengi yalionyesha kwamba mimea inashangilia mwanzoni, halafu usanisinuru unapoa. Mwaka 1991 Arp alipendekeza maelezo mazuri: kupoa huko kunaonekana hasa kwenye vyungu vidogo. Mizizi ikikosa pa kwenda, sukari haina wa kuipokea, inarundikana kwenye majani, na jani linapunguza kazi. Ni kama duka ambalo stoo imejaa. Mwenye kiwanda ataendelea kuzalisha ili aweke wapi? Maelezo hayo yanafanana kabisa na kile ambacho Poorter na wenzake walikuja kukiona baadaye kwenye majani. Lakini magugu ya Harvard hayakutii. Faida ya kabonidioksaidi kwenye ukuaji haikutegemea ukubwa wa chungu. Ilikuwa kubwa zaidi pale ukolezi wa virutubisho ulipokuwa juu, chungu kiwe kidogo au kikubwa. Kwenye uzazi, yaani maua na mbegu, faida haikupungua kwenye vyungu vidogo. Ilikuwa kubwa zaidi hukohuko.

Huu si ubishi wa maabara tu. Makadirio ya mavuno ya mwaka 2050 yalijengwa kwa sehemu juu ya mimea iliyokuzwa kwenye vyumba na vyungu. Mwaka 2006 Stephen Long na wenzake, katika jarida la Science, walilinganisha na mazao yaliyopuliziwa kabonidioksaidi shambani, kwenye hewa ya wazi, wakakuta ongezeko la mavuno ni karibu nusu tu ya lile la ndani ya vyumba. Chungu ni moja tu ya tofauti kati ya chumba na shamba, na sitaki kukitwisha mzigo wote. Lakini tofauti ya nusu kwenye chakula cha dunia si kitu cha kuachia stoo iamue.

Kinachonisumbua zaidi ni cha karibu na nyumbani. Kuna utetezi ambao kila mwanafunzi ameusikia, pengine kutoka kwa msimamizi wake mwenyewe: "Vyungu vilikuwa sawa kwa mimea yote, kwa hiyo ulinganisho ni halali." Unasikika kama unajitosheleza. Haujitoshelezi, na natamani makala ya 2012 ingelisema hili kwa sauti kubwa zaidi kuliko onyo lake la jumla kwamba vyungu vidogo vinaweza kubadili matokeo. Vinabadilije, kuelekea upande gani?

Chukua mbegu mbili za mahindi, A na B. Namba hizi nazitunga kwa mfano tu. Shambani, wakati fulani, A ina gramu 30 na B ina gramu 60. Sasa zipande kwenye vyungu vya lita 4. Zote zitagonga ukuta, lakini B, kwa kuwa ina mbio, itagonga mapema zaidi na itakaa muda mrefu zaidi ikiwa imebanwa. Siku ya kuvuna unapima: A gramu 22, B gramu 27. Tofauti iliyokuwa mara mbili imebaki robo hivi, na ukiwa na marudio manne, takwimu zako zitasema hakuna tofauti ya maana. Umeandika ukweli mtupu kuhusu vyungu vyako na uongo kuhusu mbegu. Vyungu vilikuwa sawa kwa ujazo, lakini havikuwa sawa kwa mimea, kwa sababu chungu kimoja kilikuwa kinambana mmoja kuliko mwenzake.

Kwenye mbolea upendeleo unaweza kwenda upande mwingine kabisa. Mmea usiopewa mbolea ndani ya lita 4 unamaliza chakula cha udongo wake mapema, wakati shambani mizizi ingeendelea kutafuta chini na pembeni. Kwa hiyo mmea wako wa kulinganishia unakonda kuliko ambavyo ungekonda kwa mkulima, na mbolea inaonekana ya miujiza. Mtu akitoa ushauri wa mifuko mingapi kwa ekari kutokana na jaribio kama hilo, atakayelipa ni mkulima.

Basi kikomo cha gramu 1 kwa lita kinatusaidia? Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni ukali wa wazungu wenye bajeti. Jaribu kukipima kwa shamba. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, kila mmea unapata mraba wa mita 0.225. Mizizi ikishuka mita moja, hiyo ni lita 225 za udongo. Mhindi uliotunzwa vizuri, ukikomaa na kukaushwa wote juu ya ardhi, unafika gramu 200 au zaidi kidogo. Gawanya: unapata karibu gramu 0.9 kwa lita. Kumbe kikomo cha Poorter ni, takriban, shamba la kawaida. Jaribio letu la ndoo ya lita 10 lililoachwa mpaka mahindi yakatoa ndevu ndilo lililo mbali na ulimwengu.

Lakini nani ana mapipa ya lita 200 kwa ajili ya marudio manne ya vipimo vitano? Mapipa 20, na udongo wa lori. Ndipo naona kikomo hiki kinatumika vibaya kinapogeuzwa kuwa kanuni ya kuchagua chungu tu. Kinafaa zaidi kikitumika kuchagua siku ya kuvuna. Ukiwa na lita 5, una ruhusa ya kuamini mmea wako mpaka unapofika gramu 5 hivi, basi. Kwa mahindi hizo ni wiki chache. Ndani ya wiki hizo unaweza kujifunza mengi sana kuhusu uotaji, majani ya mwanzo, mizizi ya mwanzo. Baada ya hapo chungu kinaanza kusema kwa niaba ya mmea. Chombo kidogo si kosa. Kina tarehe ya kuisha, kama maziwa.

Watu wa vitalu vya miti wanalijua hili bila gramu wala lita. Mche ukipitiliza kwenye kiriba, mvua zikichelewa na upandaji ukaahirishwa, mzizi mkuu unafika chini, unageuka, unaanza kujizungusha. Ukiupanda hivyo, kile kizingo hakinyooki. Mti unaweza kupendeza kwa miaka, kisha upepo ukausukuma na ukang'oka na fundo lake. Mwongozo wa vitalu ulioandikwa na Hannah Jaenicke na kutolewa na ICRAF, Nairobi, mwaka 1999, umeandikwa kwa watafiti, na unachukulia chombo na umbo la mizizi kwa uzito ambao tasnifu zetu nyingi za mazao bado hazina.

Jambo la mwisho ambalo ujazo hauwezi kukuambia ni kimo cha chungu. Fanya hivi jikoni. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, iloweshe kabisa, ishike kwa ulalo bila kuikamua mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena! Sponji ni ileile, ujazo uleule, lakini ikiwa wima inashika maji kidogo. Sababu ni kwamba vitundu vyake vinaweza kuning'iniza maji hadi kimo fulani tu dhidi ya uvutano, na kimo hicho hakijali urefu wa sponji. Udongo wa chungu uko vilevile. Tuseme udongo wako unabaki umejaa maji sentimita 4 za chini baada ya kuchuruzika. Kwenye trei ya kimo cha sentimita 10, hiyo ni asilimia 40 ya makazi ya mizizi. Kwenye bomba la sentimita 30 lenye ujazo uleule, ni asilimia 13. Vyombo viwili vya lita 4, kimoja bwawa na kingine shamba. Magugu ya Harvard yaliathiriwa na umbo pia, na hapo ndipo natofautiana zaidi na kipimo cha makala ya 2012: gramu kwa lita ni sarafu nzuri, lakini lita ya trei na lita ya bomba hazina thamani moja.

Kwa wanaoandika tasnifu sasa hivi, kuna ugumu mdogo wa kwetu. Sehemu ya mbinu mara nyingi haitaji lita kabisa. Inasema "kilo 4 za udongo ziliwekwa kwenye kila chungu". Udongo mkavu uliochekechwa na kushindiliwa kidogo una kama kilo 1.2 kwa lita, kwa hiyo kilo 4 ni lita 3.3. Fungua tasnifu yoyote ya vyungu iliyoko kwenye maktaba ya idara yako, tafuta jedwali la uzito mkavu wa siku ya kuvuna, gawanya kwa lita ulizozipata. Kazi ya dakika mbili, kikokotoo cha simu kinatosha. Ukikuta 8, 12, 15, soma hitimisho lake upya ukiwa na hiyo namba pembeni, halafu njoo utuambie hapa kwenye maoni ni mazao gani na ulipata ngapi.